Sanduku la Huduma ya Kwanza ni Haki ya Mfanya Kazi

(Haya ni maneno ya hotuba ya fundi mmoja wa mashine mbele ya wafanya kazi wenzake. Tunaichapa yote, kwa kuwa wasomaji wengi wametuuliza juu ya jambo hili.)



Nimeombwa niseme nanyi juu ya sheria ya huduma ya kwanza mahali pa kazi. Mimi si wakili wala si daktari. Ni fundi wa mashine, na mikono yangu hii mnaiona ilivyo. Lakini sheria hii inatuhusu sisi kuliko inavyowahusu mawakili, maana wakili hakatwi na msumeno, na daktari akijikata amekwisha kuwa karibu na dawa.

Nitaanza na jambo nililoliona kwa macho yangu. Mwaka 1994 nilikuwa kibarua katika kiwanda kimoja cha kupasua mbao. Jina lake naliacha. Tulikuwa zamu ya usiku, watu kama thelathini hivi. Yapata saa tatu usiku mwenzetu mmoja alikuwa akisukuma gogo, gogo likageuka, na mkono wake ukaenda kwenye msumeno. Damu ikaruka mpaka ukutani. Tukakimbilia ofisini, maana sote tulilijua sanduku jeupe lililotundikwa pale, limechorwa msalaba mwekundu, na kila mgeni akija alikuwa anaonyeshwa. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, lakini sanduku lilikuwa na kufuli. Funguo alikuwa nayo meneja, na meneja alikuwa amekwisha kwenda kwake kulala. Tukalivunja lile kufuli kwa nyundo. Ndani tulikuta nini? Chupa moja ya ayodini iliyokauka, kitabu cha risiti, na sukari ya chai ya wakubwa, kama nusu kilo.

Aliyemwokoa mwenzetu ni mama aliyekuwa akituletea uji wa usiku. Alivua kanga yake ya juu, akaikunja, akaikandamiza juu ya jeraha kwa mikono miwili, akapanda naye garini, na hakuiachia mpaka walipofika hospitali. Yule bwana yu hai mpaka leo, ingawa vidole vyake vitatu havikunjiki. Asubuhi yake tuliitwa ofisini, tukaambiwa kwamba bei ya kufuli itakatwa katika mishahara yetu. Ikakatwa kweli.

Sasa nawaulizeni: usiku ule sheria ilikuwapo au haikuwapo? Wengi wetu tungejibu kwamba haikuwapo, maana hatukuwahi kuiona. Lakini ilikuwapo. Tanganyika ilikuwa na sheria ya viwanda tangu mwaka 1950, iliyotungwa na serikali ya wakoloni kwa kufuata mfano wa sheria ya viwanda ya Uingereza ya mwaka 1937, na iliendelea kutumika huku bara mpaka ilipofutwa na sheria mpya ya mwaka 2003. Maana yake usiku ule tulikuwa chini ya sheria iliyokuwa na umri mkubwa kuliko wengi wetu, nasi hatukuijua. Tajiri hakutaka kuijua, na sisi hatukuuliza.

Ngoja niwaelezeni ile sheria ya Uingereza ilisema nini, maana imekuwa kama mama wa sheria nyingi katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza. Ilipoandikwa upya mwaka 1961 ilisema hivi: kila kiwanda kiwe na sanduku au kabati la huduma ya kwanza, liwekwe mahali ambapo mtu anaweza kulifikia mara moja. Watu wakizidi 150, liongezwe sanduku jingine kwa kila watu 150 wengine au sehemu yao. Ndani ya sanduku kisitiwe kitu kingine cho chote ila vifaa vya huduma ya kwanza tu. Sanduku liwe chini ya mtu maalumu anayepatikana saa zote za kazi, na kiwanda kikiwa na watu zaidi ya 50, mtu huyo awe amefundishwa. Tena jina lake libandikwe katika chumba cha kazi watu walione.

Nilipoelezwa habari hiyo mara ya kwanza, nilikumbuka lile sanduku la sukari, nikacheka peke yangu, kisha sikucheka tena. Kila neno la sheria lina mtu aliyeumia nyuma yake. Waliposema “kisitiwe kitu kingine” walikuwa wamekwisha kuona masanduku yenye sukari na risiti, huko kwao Ulaya. Waliposema “saa zote za kazi” walikuwa wamekwisha kuona zamu ya usiku isiyo na mtu. Watu wa Uingereza hawakuzaliwa na wema huo. Wachimba makaa na watu wa reli waliumia miaka mingi, na mafunzo ya huduma ya kwanza kwa raia yalianza kuenea huko tangu mwaka 1877, kilipoanzishwa chama cha St John Ambulance, kwa sababu watu walikuwa wakifa migodini na relini kabla daktari hajafika.

Tatizo la sheria ile ya zamani ni kwamba ilikuwa sheria ya viwanda. Katika shamba la mkonge, yule aliyesimama kwenye korona alikuwa kiwandani, lakini yule akataye majani kule shambani, mwenye miba machoni na nyoka miguuni, hakuwa katika kiwanda. Karani wa duka naye hakuwa katika kiwanda. Sheria ya mwaka 2003, yaani Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka huo, imepanua mlango. Sasa jambo linalotazamwa ni mahali pa kazi, si kiwanda peke yake. Ndugu zetu wa Zanzibar wana sheria yao, Namba 8 ya mwaka 2005, na Kenya walitunga yao mwaka 2007. Huku bara anayesimamia ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ambao wengi mnauita OSHA, ulioanzishwa mwaka 2001. Wakaguzi wake wana haki ya kuingia mahali pa kazi, kukagua, na kumwamuru mwajiri atengeneze kilichoharibika. Mwajiri anatakiwa aandikishe mahali pake pa kazi kwao. Ukiwa huna hakika kama mahali pako pameandikishwa, uliza. Si siri ya mtu.

Kuna mabishano ambayo ningependa myajue, maana yatakuja kwenu siku moja katika meza ya mapatano. Waingereza waliacha kuhesabu watu. Katika kanuni zao za mwaka 1981, zilizoanza kutumika mwaka 1982, walisema tu kwamba mwajiri aweke vifaa, mahali, na watu wa kutosha na wanaofaa kwa kazi yake, kisha awaambie wafanya kazi mpango ulivyo. Yaani mwajiri akae chini apime: kazi yangu ina hatari gani, watu wangu wangapi, wanafanya kazi wapi, zamu ngapi, hospitali iko mbali kiasi gani. Afrika ya Kusini wao walishika hesabu. Kanuni zao za mwaka 1986 zasema kwamba watu wakizidi watano pawe na sanduku. Wakizidi 10, pawe na mtu mwenye cheti cha huduma ya kwanza kwa kila kundi la watu mpaka 50, na dukani au ofisini kwa kila kundi la mpaka 100.

Ipi bora? Wataalamu wengi husema kupima ni bora, maana watu 10 wanaopasua mawe si sawa na watu 10 wanaopiga taipu. Ni kweli. Lakini mimi, kwa mtu wa hali yetu, napenda hesabu iwepo pia. Kibarua asiyejua kusoma anaweza kuhesabu watu na kuhesabu masanduku. Akiambiwa “ya kutosha”, tajiri atasema yanatosha, na nyapara ataitikia kwamba yanatosha, na mkaguzi hayupo siku hiyo. Basi mkikaa mezani, ombeni vyote viwili: ipimwe hatari, na mwishowe iandikwe hesabu katika karatasi ya mapatano. Masanduku mangapi, yapo wapi, watu waliofundishwa wangapi kwa kila zamu.

Nasema kwa kila zamu, na nasisitiza. Kuna mahali nimekwenda nikaonyeshwa vyeti vinne vya huduma ya kwanza ukutani, vimewekwa katika vioo vizuri. Nikauliza wenye vyeti wako wapi. Wawili wameacha kazi, mmoja yuko likizo, wa nne ni mhasibu anayeondoka saa kumi jioni. Cheti hakifungi jeraha. Uingereza cheti hudumu miaka mitatu tu, kisha mtu arudi kufundishwa, maana mikono husahau. Sisi tukipata mafunzo mara moja twajiona tumekwisha kuwa madaktari mpaka tunazeeka.

Tena umbali. Ndugu wa mashambani, sikilizeni. Sanduku likiwa ofisini, na ninyi mnakata mkonge mwendo wa saa nzima kutoka hapo, kwenu hilo halipo. Neno la sheria ni kufikika kwa urahisi. Kila kundi linalotoka asubuhi na trekta litoke na sanduku lake dogo, na pawe na mtu wa kulichukua kama vile panavyokuwa na mtu wa kuchukua pipa la maji.

Ndani ya sanduku muwe mna nini? Bendeji za ukubwa mbalimbali, vitambaa safi vya kufunika jeraha vilivyofungwa visiguswe na vumbi, plasta, kitambaa cha pembe tatu cha kuning’iniza mkono, vifuniko vya macho, pini, mkasi, na glavu za mpira. Glavu msizione kuwa maringo. Zinamkinga anayesaidia na damu ya mwenzake, na mwenzake na mikono ya anayesaidia. Vidonge visiwemo. Najua wengi mtanung’unika, maana jambo la kwanza mtu analotafuta katika sanduku ni kidonge cha kichwa. Lakini kidonge kinachomfaa huyu kinaweza kumdhuru yule, na mwenye sanduku si mganga. Tena sanduku lenye vidonge hufungwa kufuli, na kufuli mmekwisha kusikia habari zake.

Nikiwa hapo hapo, lile jambo la msalaba mwekundu. Alama hiyo si ya mtu ye yote kujichorea. Inalindwa na Mapatano ya Geneva ya mwaka 1949, kwa ajili ya kuwakinga majeruhi na wanaowauguza vitani. Alama ya huduma ya kwanza kazini ni msalaba mweupe juu ya rangi ya kijani. Ni jambo dogo, na sitaki mtu agombane na tajiri kwa ajili ya rangi. Ila mkipata sanduku jipya, lipakeni kijani. Chama cha Msalaba Mwekundu chetu hapa, kilichoundwa kwa sheria mwaka 1962, chenyewe hufundisha watu huduma ya kwanza, na OSHA nao hufundisha.

Sasa gharama. Nani alipe? Hapa pana swali ambalo wengi wanaona haya kuliuliza. Shirika la Kazi la Ulimwengu, lile la Geneva, lilipitisha mwaka 1981 mapatano Namba 155 juu ya usalama na afya kazini. Kifungu cha 18 kinasema waajiri watakiwe kuweka mipango ya ajali na mambo ya ghafla, pamoja na huduma ya kwanza ya kutosha. Na kifungu cha 21 kinasema kwamba mipango ya usalama na afya isimtoze mfanya kazi gharama yo yote. Mwezi wa Juni 2022 mkutano mkuu wa Shirika hilo uliamua kwamba mahali pa kazi penye usalama na afya ni katika haki za msingi za kazi, na mapatano hayo yakahesabiwa kuwa ya msingi. Ndiyo kusema kila nchi mwanachama inawajibika kuiheshimu haki hiyo. Basi mtu akikatwa shilingi kwa ajili ya bendeji aliyofungiwa, au kwa ajili ya kufuli, ajue kwamba amekatwa isivyo haki. Sisi mwaka 1994 hatukulijua jambo hilo. Tulinyamaza, na tulikuwa watu thelathini.

Kuna daftari pia. Kila anayehudumiwa aandikwe: jina lake, siku, saa, aliumia wapi na kwa kitu gani, alifanyiwa nini, na nani alimhudumia. Vijana huliona daftari kuwa kazi ya makarani. Hebu fikirini. Kuna Sheria ya Fidia kwa Wafanya Kazi ya mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia ulioanza kazi mwezi wa Julai 2015, ambao mwajiri ndiye anayeuchangia, si wewe. Mtu akijichoma msumari leo, akafungwa kitambaa akaendelea na kazi, na baada ya wiki mbili mguu ukavimba akalazwa, swali la kwanza litakuwa: aliumia kazini au nyumbani? Daftari likiwa na mstari mmoja wa siku ile, mabishano yamekwisha. Likiwa tupu, mtabishana mpaka mguu ukatwe. Kwa hiyo hata jeraha dogo liandikwe. Tena ukilisoma daftari la mwaka mzima utaona mashine ipi inakula watu, na hapo ndipo mahali pa kudai kinga ya mashine badala ya kudai bendeji zaidi.

Dakika zilizobaki nitasema juu ya mikono yenyewe, maana sheria inaleta sanduku, lakini sanduku halina mikono.

Damu ikitoka kwa nguvu, kandamiza palepale inapotoka, kwa kitambaa safi, na usiachie. Usiinue kitambaa kila mara kuchungulia. Kikilowa, ongeza kingine juu yake. Yule mama wa uji hakuwa amesoma kozi yo yote, lakini alifanya hasa linalofundishwa kwenye kozi.

Mtu akiungua, mwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20 kamili kwa saa, si kwa kukisia. Vua pete na saa kabla mkono haujavimba. Dawa ya meno, unga, mafuta ya taa, siagi, vyote hivyo mviache jikoni na msalani. Najua bibi zetu walitufunga navyo tukapona. Tulipona kwa kuwa tulikuwa tumeungua kidogo.

Dawa kali ikiingia jichoni, maji tena, mengi, dakika 15 mpaka 20, huku jicho limefunuliwa kwa vidole, kisha hospitali. Kwa hiyo mahali penye dawa kali pasipo na bomba la maji, sanduku peke yake halitoshi.

Mtu akishikwa na umeme, usimguse. Zima umeme kwanza. Nimezika rafiki mmoja aliyekwenda kumvuta mwenziwe.

Nyoka akimuuma mtu shambani, msikate jeraha kwa wembe, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza. Mtulizeni, mguu usichezechezwe, abebwe haraka.

Mtu akianguka, haamki ukimwita, wala hapumui sawasawa, tuma mtu akaite gari, nawe piga magoti, weka mikono katikati ya kifua, ubonyeze kwa nguvu kiasi cha sentimeta 5 mpaka 6, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Aliyefundishwa hubonyeza mara 30, kisha humpulizia pumzi mbili, kisha hurudia. Asiyefundishwa abonyeze tu asisimame. Kazi hiyo inachosha kuliko kupasua kuni, kwa hiyo mpokezane.

Watu huuliza: je, karakana ya watu watatu, au duka la mshona viatu, nayo ipaswe kuwa na sanduku? Mimi husema, kama pana kisu pana damu. Mwenye karakana ndogo asingoje mkaguzi. Akanunue vifaa hivyo leo, na bei yake ni ndogo kuliko nauli ya kumpeleka mtu hospitali usiku.

Na huuliza pia: tukidai tutafukuzwa? Dai kwa pamoja, kwa kupitia chama chenu na kwa kupitia mwakilishi wa usalama mliye naye kazini. Kama hamna mwakilishi, ndilo dai la kwanza. Pelekeni barua, mbaki na nakala, iandikwe tarehe. Mtu mmoja mmoja asiende kubishana na nyapara mlangoni. Mwajiri asipojibu, nakala ile iende kwa wakaguzi. Nimeona waajiri wengi ambao si watu wabaya. Hawajaambiwa tu, na siku walipoambiwa kwa barua waliagiza sanduku wiki hiyo hiyo. Na nimeona wengine walioagiza sanduku asubuhi ya siku ya mkaguzi, likaondoka naye jioni. Hao ndio wanaohitaji nakala ya pili.

Basi, Ndugu Mwenyekiti, nimekwisha. Pale mezani kuna sanduku la tawi letu, la kijani, halina kufuli. Yule dada wa zamu ya usiku aliyefundishwa mwezi uliopita atawaonyesheni namna ya kukandamiza jeraha na kufunga bendeji. Njoni wawili wawili, mmoja awe majeruhi, mmoja awe msaidizi, kisha mbadilishane. Wa nyuma msianze kuondoka. Hata wewe bwana uliye karibu na mlango, njoo uanze.